Ubavuni mwa behewa: Tangazo litembealo na wanaolitazama likipita

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa zama hizi hawaukubali usemi huo hata kidogo. Kwao, kizuri na kibaya vyote hutembezwa, na mahali pa kuvitembezea ni ubavuni mwa chombo chochote chenye magurudumu au kinachoelea majini: behewa la garimoshi, kontena, basi, matatu, tuktuk na feri.

Kaunti ya Kwale ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa makini. Kaunti hiyo ina sehemu mbili zisizofanana. Sehemu ya bara, katika eneo la Kinango, hupitiwa na reli mbili, ya zamani na ya kisasa. Sehemu ya pwani, kuanzia Likoni upande wa Mombasa kuelekea Diani, Msambweni hadi Lunga Lunga mpakani na Tanzania, haina treni ya abiria, na wakazi wake hutegemea feri na magari. Pande zote mbili, hata hivyo, zina jambo moja linalofanana: kila siku watu wake husoma maandishi yanayopita mbele yao, yaliyoandikwa na watu wasiowajua, juu ya vyombo ambavyo aghalabu si mali yao.

Maandishi hayo yana historia, yana sheria na yana fedha ndani yake. Swali kubwa ni moja: chombo kinapopita katika ardhi na mbele ya macho ya watu wengi, ni nani mwenye haki ya kuuza ubavu wake, na ni nani anayefaidika?

Reli ndani ya Kwale

Wasomaji wengi wanapotajiwa Kwale hufikiria mchanga mweupe wa Diani. Wachache hukumbuka kwamba Samburu, Taru na Mackinnon Road, vituo vya kale vya reli ya kutoka Mombasa, vimo ndani ya kaunti hiyo hiyo, katika nyika ya Waduruma.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia Desemba 1901 reli ilikuwa imefika kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Sehemu ya Taru ilikuwa miongoni mwa sehemu ngumu za mwanzo kwa sababu ya ukame na vichaka vya miiba. Kumbukumbu ya enzi hizo ingali hai pale Mackinnon Road, ambapo kando ya reli na barabara kuu pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, anayekumbukwa kuwa msimamizi wa vibarua wa reli aliyetoka Punjab. Wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua kabla ya kuendelea na safari.

Reli ya kisasa, SGR, yenye urefu wa takriban kilomita 472 kati ya Mombasa na Nairobi, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Treni za mizigo zilianza kazi katika reli hiyo mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2017, safari za abiria za usiku katika reli ya zamani baina ya miji hiyo miwili zilikoma. Kwa hiyo mchungaji wa Taru ambaye zamani aliona madirisha yenye taa na nyuso za watu, leo huona zaidi makontena.

Herufi zilizotangulia picha

Kabla ya behewa kubeba tangazo la sabuni au soda, lilibeba jina la mwenyewe. Hilo ndilo tangazo la kwanza la reli kokote duniani, na Afrika Mashariki haikuwa tofauti.

Katika enzi ya ukoloni herufi KUR zilimaanisha Reli ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na ile ya Tanganyika kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na herufi EAR zikaanza kuonekana kutoka Mombasa hadi Kigoma na Kampala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mabehewa yaligawanywa baina ya nchi tatu, na yale yaliyobaki Kenya yakapata herufi KR za Shirika la Reli la Kenya. Tarehe 1 Novemba 2006 kampuni ya Rift Valley Railways, RVR, ilichukua uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo ulifikia kikomo mwaka 2017, kabla ya kufika hata nusu ya muda wake.

Mtu aliyekaa Samburu kwa maisha yake yote angeweza kusoma historia ya siasa za eneo hili kwa kutazama mbavu za mabehewa tu. Kila mara bwana alipobadilika, rangi ilibadilika. Aliyesimama kando ya reli hakuulizwa.

Maandishi hayo ya mwanzo hayakuwa pambo. Nambari ya behewa, jina la mwenyewe, uzito wa behewa likiwa tupu na kiasi cha mzigo linaoweza kubeba ni taarifa za lazima. Zikifichwa, msimamizi wa stesheni hawezi kujua behewa ni la nani, wala kama limebebeshwa kupita kiasi. Kanuni ya kwanza ya maandishi ya ubavuni hutokana na hapo: jina la anayewajibika lije kwanza, biashara ifuate baadaye.

Funzo la Marekani na Uingereza

Ubavu wa behewa uligeuzwa bango la biashara kwa wingi zaidi nchini Marekani. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, kampuni za nyama za Chicago, kama vile Swift na Armour, zilianza kutumia mabehewa ya barafu kusafirisha nyama hadi miji ya mashariki. Mabehewa hayo yalikuwa ya kampuni zenyewe au ya kukodi, si ya wenye reli. Punde si punde, watengenezaji wa bia, jibini, siagi na vyakula vya makopo nao wakawa na mabehewa yaliyopakwa rangi kali na majina makubwa ya bidhaa zao.

Mgogoro ukazuka. Behewa lililoshusha mzigo mji mmoja halikustahili kurudi tupu, hivyo lilipewa mfanyabiashara mwingine alitumie. Huyo naye akajikuta analipa nauli ya kusafirisha siagi yake ndani ya behewa linalomtangaza mshindani wake. Aidha, wenye reli waliwalipa wenye mabehewa ada kwa kila maili yaliyotembea. Ilionekana kwamba aliyepata tangazo la bure pamoja na behewa alikuwa amepunguziwa nauli kwa mlango wa nyuma, jambo lililokatazwa na sheria.

Mwaka 1934, Tume ya Biashara baina ya Majimbo ya nchi hiyo ilipiga marufuku matangazo ya aina hiyo kwenye mabehewa ya kukodi, na kufikia mwaka 1937 yalitakiwa yawe yameondolewa kabisa. Marufuku hiyo haikutokana na ubaya wa picha, bali na haki katika biashara.

Nchini Uingereza mambo yalichukua mkondo mwingine. Wenye migodi na wauzaji wa makaa ya mawe walimiliki mabehewa yao na kuyaandika majina kwa herufi kubwa nyeupe. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, zaidi ya nusu milioni ya mabehewa hayo yaliwekwa chini ya mamlaka ya serikali ili yatumike kwa pamoja, na mwaka 1948 yakataifishwa pamoja na reli. Majina ya wafanyabiashara yakafifia, rangi ya serikali ikashika nafasi.

Nchi hizo mbili zinaonyesha kwamba ubavu wa behewa unaopita katika njia ya umma haukubaki jambo la mwenye behewa pekee. Hatimaye umma ulidai kuwa na kauli.

Kontena: Bango la dunia nzima

Leo, tangazo kubwa zaidi linalopita Kinango halikupakwa rangi na Shirika la Reli wala na kampuni yoyote ya Kenya. Ni jina la kampuni ya meli kwenye kontena: Maersk, MSC, CMA CGM, Evergreen na nyinginezo. Kontena hushushwa bandarini Mombasa, hupandishwa juu ya behewa lisilo na kuta na kupelekwa Nairobi au Naivasha. Behewa lenyewe halionekani. Linaloonekana ni kasha.

Kila kontena hubeba pia alama isiyo ya biashara. Kwa mujibu wa utaratibu wa kimataifa, huandikwa herufi tatu za mwenyewe, herufi moja inayoonyesha aina ya kifaa, ambayo kwa kontena la mizigo ni U, kisha tarakimu sita na tarakimu moja ya kuhakikisha kwamba nambari haikukosewa. Herufi za wenyewe husajiliwa na ofisi ya kimataifa iliyoko Paris. Kwa alama hiyo, kasha moja linaweza kufuatiliwa kutoka China hadi Kampala bila kupotea. Jina kubwa lililo katikati ni la kutangaza. Alama ndogo ya pembeni ndiyo ya kuwajibika.

Je, tangazo hilo linamfaa nani? Hesabu ndogo inatoa jibu. Treni ya mizigo ya SGR imekusudiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 hivi kwa sekunde moja. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 na kidogo. Kwa hiyo linampita mtu aliyesimama mahali pamoja kwa takriban nusu sekunde. Katika muda huo hakuna anayeweza kusoma sentensi. Kinachobaki machoni ni rangi na neno moja. Ndiyo maana makampuni hayo hutumia rangi moja na jina fupi, na ndiyo maana treni ya mwendo kasi ni bango dhaifu kuliko matatu iliyokwama foleni.

Pwani isiyo na reli

Hapo ndipo hadithi inapohamia pwani ya kusini. Anayetaka kutangaza biashara yake kwa watu wa Ukunda, Diani au Msambweni hana behewa la kukodi. Anayo feri.

Kivuko cha Likoni kimekuwa na huduma ya feri tangu mwaka 1937. Takwimu ambazo zimetajwa kwa miaka mingi ni za zaidi ya watu 300,000 na maelfu ya magari kwa siku. Wanaotembea kwa miguu hawalipi nauli, magari hulipa. Huduma hiyo iliendeshwa kwa muda mrefu na Shirika la Huduma za Feri, KFS, kabla ya kuhamishiwa Halmashauri ya Bandari ya Kenya, KPA. Mapato ya magari hayakutosha kugharimia uendeshaji, na kuuza nafasi za matangazo kulikuwa miongoni mwa njia ambazo shirika lilitumia kuongeza fedha.

Kwa mtangazaji, feri ni chombo bora kuliko treni. Inakwenda polepole, inarudi pale pale mara nyingi kwa siku, na watu wanaoingoja husimama wakiitazama. Asiyesoma tangazo akienda atalisoma akirudi.

Lakini feri pia inakumbusha kwamba ubavu wa chombo cha umma una kazi iliyo muhimu kuliko biashara. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafariki. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, na mama na bintiye wakafa maji; ilichukua siku 13 kulitoa gari hilo. Katika chombo cha namna hii, idadi ya abiria wanaoruhusiwa, mahali palipo na maboya ya kujiokolea na njia ya kutokea ni maandishi yasiyostahili kufunikwa na picha ya bidhaa yoyote, hata kama mwenye bidhaa analipa vizuri.

Feri zenyewe zimepewa majina yenye ujumbe. Mwaka 2010 zilifika kutoka Ujerumani MV Likoni na MV Kwale. Hili la pili ni tangazo la aina yake: jina la eneo linalopita mbele ya wageni kila siku bila malipo.

Rangi ya matatu

Baada ya feri huja matatu, mfalme wa barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga. Historia ya rangi za matatu nchini Kenya ni historia ya mvutano baina ya serikali na wenye magari.

Kwa miaka mingi matatu zilichorwa picha za wanamuziki, wachezaji kandanda na misemo ya kila namna. Mwishoni mwa mwaka 2003, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni kali ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004. Pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa rangi ya manjano ubavuni, na njia inayohudumiwa iandikwe ili abiria aisome. Michoro ikafutwa. Mnamo Novemba 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba vijana waruhusiwe kuchora tena, kwa hoja kuwa ni sanaa inayowapa riziki.

Sheria nyingine ziligusa yaliyomo katika matangazo yenyewe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara, ambayo hapo awali yalionekana kwenye magari na kuta za maduka kote nchini. Kizazi kilichozaliwa Msambweni baada ya hapo hakikukua kikiona sigara ikitukuzwa barabarani.

Nani anatoza, nani analipwa

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka usimamizi wa reli na wa usalama barabarani mikononi mwa serikali ya kitaifa. Jedwali hilo hilo liliipa kaunti mamlaka ya kudhibiti matangazo ya nje. Bango lililosimama kandokando ya barabara ya Diani halina utata: liko Kwale na halihami. Tangazo linalotembea ndilo tatizo. Lori la mkate linalotoka Mombasa asubuhi, likapita Matuga na kurudi jioni, limo katika kaunti mbili kwa siku moja.

Chama cha Wenye Viwanda nchini, KAM, kimelalamika mara kadhaa kwamba magari ya kusambaza bidhaa hutozwa ada ya nembo na zaidi ya kaunti moja, na kwamba gharama hiyo hatimaye humwangukia mnunuzi. Kaunti nazo zina hoja: barabara zao zinatumika, watu wao wanatangaziwa, na mapato yao ni haba. Kontena lililo juu ya treni, ambalo ni bango kubwa kuliko lori lolote, hupita Kinango likiwa limelipia usafiri wa reli tu.

Kwa mwenye chombo kidogo, kama vile tuktuk ya Ukunda au matatu ya Msambweni, mambo ni ya karibu zaidi. Kampuni ikitaka kulifunika gari lake kwa nembo, mazungumzo huwa baina ya kampuni na mwenye gari. Dereva na makanga, ambao ndio wanaolitembeza tangazo hilo kutwa nzima, aghalabu hawahusishwi. Hali ni kama ile ya vibanda na makontena makuukuu yaliyogeuzwa maduka kando ya barabara, ambayo hupakwa rangi za makampuni ya simu au vinywaji. Mara nyingi malipo ya mwenye duka ni ile rangi yenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Mwenye gari anayefikiwa na mtangazaji anapaswa kujua mambo machache kabla ya kukubali. La kwanza, rangi ya gari imeandikwa katika kitabu cha usajili. Kuibadilisha kunahitaji kuarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, la sivyo gari litakuwa tofauti na hati zake.

La pili, nambari ya usajili, mstari wa manjano, jina la chama cha usafiri na njia inayohudumiwa havifai kufichwa. Abiria aliyetendewa vibaya au aliyesahau mzigo hutegemea alama hizo kulitafuta gari. Vioo navyo visifunikwe hata dereva asione nyuma au abiria washindwe kutoka ajali inapotokea.

La tatu, mkataba uwe wa maandishi. Utaje muda, kiasi cha malipo, nani atalipa ada ya kaunti, na nani atagharimia kurudisha rangi ya awali muda ukiisha. Wengi husahau hilo la mwisho, kisha wakabaki wakimtangaza mtu asiyewalipa tena.

Kwa wakazi wasio na gari wala behewa, njia ipo pia. Katiba inataka wananchi washirikishwe katika utungaji wa sheria za kaunti, zikiwemo sheria za fedha zinazopanga ada za matangazo kila mwaka. Vikao hivyo ndivyo mahali pa kuuliza ada iliyotozwa imefanya nini, na ni bidhaa gani zisizofaa kutembezwa mbele ya shule za msingi za Samburu au Msambweni.

Wamarekani waliliuliza swali hilo katika miaka ya 1930 kwa sababu wafanyabiashara wao walikuwa wakigombana. Kwale ina sababu nyingine. Ubavu wa chombo hauna thamani bila macho ya kuutazama, na macho hayo ni ya watu wa Taru, Ukunda na Lunga Lunga. Kila mwenye kuuza ubavu wa treni, feri au matatu huwa anauza pia nafasi yao ya kutazama, na haki yao ya kuulizwa haipungui kwa sababu chombo hakisimami.